Mali Bila Daftari: Kwa Nini Watu Husoma Habari za Maisha ya Mtu Mwingine?

(Haya ni maneno yaliyosomwa mbele ya jamaa msikitini baada ya sala ya Isha. Yanachapwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.)



Tumepewa nafasi hii tuseme juu ya jambo ambalo baadhi yenu mmekuwa mkituuliza, na ambalo sisi wenyewe tumekuwa tukijiuliza kwa miaka mingi. Wengi wenu mnajua kwamba tunaandika daftari. Kila usiku, shughuli za siku zikiisha, tunakaa na kalamu na kuandika mistari michache ya yale yaliyotupata: nani ameugua, nani amekuja kututembelea, mvua imenyesha au imekataa, unga umenunuliwa kwa bei gani. Sisi si waandishi kwa kazi, hatujapata kushika cheo, wala hatujasafiri mbali. Hata hivyo madaftari hayo yamekuwa yakiazimwa kutoka mkono hata mkono, na yanaporudi majalada yake yamechakaa kwa kushikwa. Hapo ndipo swali linapotujia: kwa nini? Mtu mwenye dhiki zake mwenyewe ana haja gani ya kusoma dhiki zetu?

Msidhani swali hili ni dogo. Jibu lake ndilo litakalotuambia kama kuandika huku kuna manufaa, au ni kujionyesha tu mbele ya watu. Na kama ni kujionyesha, basi heri tuiweke kalamu chini leo hii.

Jinsi daftari lilivyoanza

Tulianza kuandika wakati mama yetu alipougua. Daktari alituuliza homa ilianza siku gani, vidonge amemeza vingapi, na usiku uliopita amekula nini. Nasi tukababaika mbele yake kama watoto. Tulipotoka hospitalini tukanunua daftari la shule, na tangu siku ile tukaandika kila kitu. Mwanzoni yalikuwa ni mambo ya dawa tu. Baadaye tukaanza kuandika na maneno aliyoyasema, watu waliokuja kumwangalia, na usingizi alioupata au alioukosa. Mama alipofariki, mkono ulikuwa umekwisha kuzoea, nasi tukaendelea.

Dada yetu, aliyekuwa ameolewa mbali, alifika siku ya pili ya matanga. Hakumwahi mama. Akaliona daftari juu ya kabati, akaliomba, akaketi nalo ukumbini. Tulimkuta analia juu ya mstari mmoja uliosema: leo mama ameomba uji wa muhogo, amekunywa vijiko vitatu, amesema haukutiwa chumvi. Basi, hayo tu. Akaondoka na lile daftari kwenda nalo kwake, na huko likasomwa na mawifi zake na majirani zake. Mwaka mmoja baadaye akaja kwetu mama mmoja tusiyemjua, ambaye hakuwahi kumwona mama yetu maishani mwake. Alituambia: “Mwanangu, vile vijiko vitatu ndivyo alivyokunywa mama yangu.”

Na hapa hatuna budi kukiri jambo la kutuaibisha kidogo. Katika daftari lile mna kurasa tulizoziona sisi kuwa ndizo bora, tulizozijaza mawaidha marefu juu ya subira na juu ya mapito ya dunia. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kututajia kurasa hizo. Wote walizipita, wakaenda kusimama kwenye uji.

Yaliyo madogo ndiyo yanayodumu

Tulipoanza kuwatazama watu wa zamani walioandika habari zao, tuliona kwamba hali hii haikuanza kwetu. Mtazameni Ibn Battuta wa Morocco. Alipita katika pwani yetu mwaka 1331, na kiasi cha miaka 24 baadaye akazisimulia safari zake kwa mwandishi Ibn Juzayy, zikawa kitabu. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Lakini katika usiku huo aliona ya kwamba watu wa kisiwa kile hula ndizi na samaki. Kwamba misikiti yao imejengwa kwa mbao kwa ustadi mkubwa. Kwamba karibu na milango yake pana visima, na chombo cha kuchotea maji chenye mpini. Na kwamba anayetaka kuingia huosha kwanza miguu yake, kisha huipangusa juu ya kipande cha mkeka kilichowekwa mlangoni.

Ndugu zetu, katika kitabu kile mna wafalme wengi, na majina yao ni wachache wanaoyakumbuka. Lakini nani kati yetu asiyekitambua kile kipande cha mkeka? Sote tumeipangusa miguu yetu juu ya mwenziwe jioni ya leo. Takriban miaka 700 imepita, na mtu wa Mombasa anayesoma maneno yale anaona mlango wa msikiti wa mtaa wake.

Tena alikuwapo Baghdad mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali aliyeitwa Abu Ali Ibn al-Banna, aliyefariki mwaka 1079. Aliandika vitabu vingi vya elimu. Pamoja na vitabu hivyo alikuwa na daftari lake la siku kwa siku, na kipande chake kilichosalia, kilichoandikwa kwa mkono wake mwenyewe, kinahusu mambo ya mwaka 1068 na 1069. Humo ameandika nani amekufa na nani amezikwa wapi, moto ulioteketeza sehemu za mji, magomvi ya wanavyuoni na ndoto za watu. Hapana dalili kwamba alikusudia asomwe na watu wote. Kipande hicho kilihifadhiwa Damascus, na mtaalamu George Makdisi akakichapisha mwaka 1956 na 1957. Leo wanaotaka kujua mji ule uliishi namna gani hulitafuta daftari hilo.

Kumbe mtu huweza kufanya kazi kubwa kwa ajili ya watu wote, na pembeni akaandika kijidaftari kwa ajili ya nafsi yake, na watu wa baadaye wakaja kukigombea kile kijidaftari.

Walioandika kwa ajili ya mmoja

Jambo la pili tuliloliona ni hili: wengi wa wale ambao maneno yao yamedumu hawakuwa wakisema na umati. Walikuwa wakisema na mtu mmoja wanayempenda.

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, na mwaka 1858 alikuwa mgonjwa wa muda mrefu. Akamwita binti yake, Mwana Hashima, akae karibu naye pamoja na wino na karatasi, akamtungia utenzi wa wasia. Ndani yake mna mapenzi ya mama anayehisi kwamba siku zake zinakwisha, mna adabu za nyumba, na mna kumbukumbu ya maisha yake na mume wake. Binti alikuwa mmoja. Lakini wanawake wa Lamu na wa pwani nzima waliupokea utenzi ule kana kwamba kila mmoja wao ndiye aliyeitwa akae karibu, na hata sasa unasomwa. Wako leo wanaobishana na baadhi ya mafunzo yake juu ya mke na mume. Nao pia wanausoma kwanza, ndipo wanapobishana.

Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, alizaliwa Zanzibar mwaka 1844. Alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana hawakufundishwa kalamu. Mwaka 1867 alibatizwa na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani huko Aden, wakaenda kukaa Hamburg. Na mwaka 1870 mume wake akafa kwa ajali ya gari la reli la mjini. Akabaki mjane ugenini na watoto watatu wadogo, ambao hawakujua kitu juu ya nchi ya mama yao. Akaanza kuwaandikia. Aliwaandikia jumba la Mtoni, masomo ya watoto, mwezi wa Ramadhani na siku za Idi. Baada ya miaka kiasi cha tisa, marafiki walimshawishi, na kitabu kikachapishwa Ujerumani mwaka 1886. Sisi leo tunapotaka kujua sikukuu ilikuwaje katika nyumba ya Sultani, tunayasoma maneno ambayo mama mmoja aliwaandikia watoto wake ili wasimwone mgeni nyumbani mwake mwenyewe.

Na Shaaban Robert, ambaye kila mtoto wa shule anamjua kwa mashairi yake, alikuwa karani wa serikali mwenye ndugu yake mdogo, Yusuf Ulenge. Alimwandikia barua kuanzia mwaka 1931 hadi mwaka 1958: mambo ya nyumbani, ya kazi, ya jamaa na ya vitabu vyake. Mdogo wake akazitunza. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na barua zile zikachapishwa Dar es Salaam mwaka 2002, miaka 40 baadaye. Lau Yusuf Ulenge angezitupa, tungekuwa na mshairi, lakini tungemkosa kaka.

Tuliyafikiri haya kwa muda mrefu. Tunaona sababu yake ni kwamba anayeandika kwa umati huvaa nguo za sherehe na kusema kwa sauti ya jukwaani. Bali anayemwandikia mwanawe au ndugu yake hana haja ya kujipamba, maana anayemwandikia anamjua. Na msomaji, hata awe wa mbali, huitambua sauti isiyojipamba, akaiamini. Hapo ndipo anapoketi na kusoma.

Msomaji huona hata tusiyomwonyesha

Lakini, ndugu wapenzi, kuaminiwa huko kuna mzigo wake. Msomaji huona zaidi ya tunavyotaka aone.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili kwa ombi la Mjerumani Heinrich Brode, nazo zikachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903, miaka michache kabla hajafariki Zanzibar mwaka 1905. Ni Kiswahili kizuri, chenye nguvu, na mwenyewe anatusimulia safari zake za bara, vita alivyoshinda na pembe za ndovu alizozipata. Alitaka tuone ushujaa na hesabu. Msomaji wa leo anayaona hayo. Lakini anawaona pia watu waliotekwa, wanaopita katika habari ile kama mali nyingine, na anajiuliza walikuwa kina nani, na mama zao waliwalilia wapi. Mwandishi hakuwaweka pale ili tuwalilie. Sisi ndio tunaowalilia.

Basi mwenye kuandika habari zake asidhani anaweza kuchagua yote yatakayoonekana. Daftari ni shahidi, na shahidi huulizwa hata yale asiyopenda kuyasema.

Hatari ya kusifiwa

Sasa tuseme juu ya hatari mbili ambazo zimetugusa wenyewe. Ya kwanza ni sifa.

Jalaluddin as-Suyuti wa Misri, aliyefariki mwaka 1505, aliandika kitabu juu ya maisha yake, na jina alilolichagua lina maana ya kuzisimulia neema za Mwenyezi Mungu, jambo ambalo asili yake ni mwisho wa Sura ya 93. Alitaja ndani yake walimu wake, vitabu vyake na elimu aliyoruzukiwa. Hoja yake ilikuwa kwamba kutaja neema ni kushukuru. Lakini baadhi ya wanavyuoni wa zama zake, akiwemo as-Sakhawi, walimshutumu kwa kujikweza. Sisi hatuna daraja ya kuhukumu kati ya wakubwa hao. Tunalotaka mlione ni kwamba hata kwa mtu wa elimu kama ile, mpaka kati ya kushukuru na kujisifu ni mwembamba kiasi cha kuweza kugombewa.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ulikuwapo wakati tulipojua kwamba daftari letu linasomwa, na kalamu ikaanza kubadilika. Tukawa tunatafuta maneno mazito. Tukiugua, tunaandika ugonjwa mkubwa kidogo kuliko tulioumwa. Tukitoa sadaka, tunahakikisha imeandikwa, kisha tunaongeza neno la unyenyekevu ili tusionekane tumejisifu! Mke wetu ndiye aliyetuzindua. Alisoma ukurasa mmoja, akalifunga daftari, akasema: “Huyu mtu simjui.” Tangu hapo hicho ndicho kipimo chetu. Tukimaliza kuandika tunajiuliza: je, walio ndani ya nyumba hii wakisoma watamtambua mtu huyu?

Heshima ya wengine

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, maana iliwahi kumuumiza mtu asiyekuwa na kosa.

Jirani yetu mmoja alitujia usiku kutukopa fedha za karo ya mwanawe. Alikuwa mtu wa heshima, na machozi yalimtoka. Jambo lile lilituchoma, nasi tukaliandika. Hatukumtaja jina. Daftari likaazimwa kama kawaida, na baada ya wiki chache mtaa mzima ukawa umejua, maana nani asiyeweza kumtambua jirani mwenye mtoto wa umri ule, mwenye baiskeli ile, aliyekuja usiku ule wa mvua? Yule ndugu akaacha kutusalimia. Msikitini tukawa tunamwona anahamia safu nyingine. Tulipokwenda kwake kutaka radhi alituambia maneno ambayo hatutayasahau: “Deni langu nililileta kwenu. Sikulileta mtaani.”

Tuliuchana ukurasa ule mbele yake. Alitusamehe, Mwenyezi Mungu amlipe. Lakini ukurasa uliochanwa haurudi vichwani mwa waliokwisha kuusoma. Maisha yetu ni yetu kuyatoa. Maisha ya jirani ni amana aliyotuwekea, na kuificha sura yake kwa kuacha jina hakutoshi. Tangu wakati ule tunayo madaftari mawili. Moja linaweza kuazimwa. La pili limo ndani ya sanduku, na tumeusia litakapopatikana baada yetu lichomwe moto bila ya kusomwa.

Jibu tulilolifikia

Basi turudi kwenye swali letu. Kwa nini watu wanasoma?

Tunaamini kwamba yule mama wa vijiko vitatu alitujibu tangu siku ile, ila sisi hatukumsikia. Hakuja ili atujue sisi. Alikuwa amembeba mama yake moyoni kwa miaka bila kupata mahali pa kumweka, akapaona katika daftari la mtu mwingine. Kila mtu ana uji wake ambao hakuuandika. Anapoukuta umeandikwa na mwenzake, tena kwa ukweli, hujua kwamba jambo lililompata yeye peke yake usiku ule, limewapata na wengine. Hayo ni maliwazo makubwa, na hayahitaji mwandishi mashuhuri. Yanahitaji mtu aliyekuwepo, akaangalia, na asiseme uongo.

Ikiwa ndivyo, sifa ya kusomwa si yetu, na hakuna cha kujivunia. Lakini wajibu upo, na ndio uliotufanya tusimame mbele yenu usiku huu.

Kisima cha msikiti huu tunachotilia udhu kila siku kilichimbwa na wazee wetu. Mwaka uliopita vijana walitaka kujua ni kina nani waliochimba, walichimba kwa siku ngapi, chakula chao kilipikwa na nani. Tulizunguka nyumba kwa nyumba. Mzee wa mwisho aliyekuwepo tulikuwa tumemzika miezi minne kabla ya hapo. Miaka yote alikaa pale kwenye nguzo ya tatu, na hakuna aliyemuuliza. Na sisi wenye madaftari ndio wa kwanza kulaumiwa, kwa kuwa tulijaza kurasa kwa habari zetu wenyewe, na yeye yuko hatua tano kutoka tulipokaa.

Wafanyabiashara husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku zetu ni mali pia, na siku za wazee wetu ni mali kubwa zaidi. Kwa hiyo tunawaombeni jambo moja. Kabla ya Ijumaa ijayo, kila kijana aliyeko hapa akae na mzee mmoja wa nyumbani kwake, baba, mama, bibi au babu, amuulize habari ya siku moja tu ya maisha yake: aliamka wapi, alikula nini, aliogopa nini. Ayaandike kama yalivyosemwa, bila kupamba. Kisha amsomee mwenyewe, na mzee akisema neno hili liondolewe, liondolewe. Na asiulize nani atakuja kulisoma. Alimwandikie mtoto wake, hata kama bado hajazaliwa.

Mwenyezi Mungu azitakase nia zetu, na azihifadhi ndimi zetu na kalamu zetu.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.